Mlango wa nyuma: nani alikula wapi katika mji wetu



Mwezi uliopita tulikuwa watu tisa kwenye kikao kidogo cha jumuiya yetu, Kamalondo, chini ya mwembe. Jambo lilikuwa moja tu. Katikati ya mji kuna restorani moja ya zamani, sitaitaja jina sababu mambo ya wenye parseli hayajaisha. Imefungwa miaka mingi, mabati yametoboka, mchwa wamekula nusu ya milango. Mmoja wetu aliyesoma usanifu majengo anataka tuandike mradi: nyumba ile irekebishwe, iwe mahali pa kupokea wageni wa mji. Mtu akishuka Luano, ao akifika na basi kutoka Kasumbalesa, apate pa kuingia, aone ramani, aulize njia, anywe kitu, ajue Lubumbashi ilitoka wapi.

Wazo nililipenda mara moja. Halafu ndugu yetu akatoa ukurasa wa kwanza wa mradi, akatusomea. Maneno yalikuwa matamu: "enzi za fahari", "meza za kitambaa cheupe", "mahali ambapo mji mzima ulikutana". Pale njo nilishtuka. Mji mzima?

Kambo yangu alianza kuosha sahani katika restorani ya hoteli moja ya Élisabethville mwaka 1953. Akapanda polepole, akawa mpishi. Alijua kupika michuzi ya Kizungu ambayo sisi wajukuu hatujui hata kuitaja. Alifanya kazi ile mpaka karibu na Uhuru, na katika miaka ile yote hakukaa hata mara moja kwenye kiti cha ukumbi aliokuwa anaupikia. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akatoka kwa mlango wa nyuma. Chakula chake alikula amesimama karibu na mapipa, ao alikula usiku akisha kufika kwake.

Niliporudi nyumbani nikamwelezea kambo mwanamke, mjane wake. Ana miaka zaidi ya 80 na masikio yangali mazima. Alicheka kwanza, halafu akaniuliza: "Njo kusema munataka kutengeneza nyumba ile juu bageni baje kuiangaria? Ni muzuri. Na mulango ya nyuma, ile muzee alikuwa anapitia, mutaifungula ao mutaijenga na matofari?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu ninalotafuta.

Mimi si mwanahistoria. Lisansi yangu ni ya agronomia, nimezoea udongo na mahindi. Lakini nilitaka kujua watu wengine waliorekebisha nyumba za kula walifanya namna gani. Nikaanza na Marekani, sababu kule restorani ndogo ya kando ya barabara ni kitu wanachokipenda karibu sawa na kanisa.

Katika mji mdogo wa Shamrock, Texas, kuna nyumba inayoitwa U-Drop Inn. Ilijengwa mwaka 1936 kwenye makutano ya barabara mbili, moja ikiwa ile Route 66 iliyotoka Chicago mpaka California. Ilikuwa stesheni ya mafuta na restorani pamoja, yenye mnara mrefu na taa za rangi, hata msafiri aliweza kuiona kutoka mbali usiku. Jina lake lilipatikana kwa shindano, na mshindi alikuwa mtoto wa shule. Kwa miaka mingi watu walisimama pale, wakajaza mafuta, wakala, wakaendelea na safari.

Halafu barabara kubwa ya kisasa ilipitishwa pembeni. Magari yakahama, na pesa ikafuata magari. Nyumba ikaanza kuchakaa, ikabadilisha wenyewe, mwishoni ikafungwa. Wenyeji wa Shamrock hawakukubali ife. Mwaka 1997 iliandikwa katika orodha ya taifa ya majengo ya historia. Mwaka 1999 benki moja ya palepale iliinunua, ikaitoa zawadi kwa mji. Kisha mji ukapata pesa ya serikali kuu, karibu dola milioni 1.7, ukairekebisha kwa sura yake ya zamani. Tangu hapo ni kituo cha kupokea wageni, na chumba cha biashara cha mji kimeweka bilo yake ndani. Mkishaona filamu ya watoto *Cars* ya mwaka 2006, mmeiona nyumba ile: duka la Ramone, yule anayepaka magari rangi, lilichorwa kwa mfano wake.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza: kabla ya rangi, kabla ya taa, walimaliza swali la mwenye nyumba. Nyumba ikawa ya mji, karatasi zikaeleweka, njo pesa ya serikali ikaweza kuingia. La pili: ndani waliweka bilo ya watu wanaokuja kazini kila asubuhi. Nyumba inayofunguliwa siku za sikukuu tu haichukui miaka kurudi kwa mchwa.

Lakini angalia tena ule mwaka, 1936. Mwaka uleule, mtu Mweusi mmoja wa New York, Victor Hugo Green, aliyekuwa anapeleka barua za posta, alitoa kitabu kidogo kinachoitwa *The Negro Motorist Green Book*. Kilikuwa orodha ya nyumba ambamo msafiri Mweusi angeweza kula, kulala na kujaza mafuta bila kufukuzwa ao kupigwa. Kilianza na eneo la New York, kikapanuka mpaka nchi nzima, kikaendelea kutoka kwa karibu miaka 30. Kwa nini mtu ahitaji kitabu kujua pa kunywa kahawa? Sababu kwenye zile barabara, Route 66 nayo ikiwa ndani, kulikuwa na miji ambamo mtu Mweusi hakutakiwa kuonekana jua likisha kuzama.

Kwa hiyo tukisema "restorani za zamani za kando ya barabara, zilipokea kila mtu", tunasema uongo bila kujua. Kusema vile anaweza yule tu aliyekuwa na ruhusa ya kukaa.

Kuna nyumba nyingine ya kula kulekule Marekani ambayo ilirekebishwa kwa njia tofauti, na hii inatugusa zaidi sisi wanafunzi. Iko Greensboro, North Carolina. Lilikuwa duka kubwa la kampuni ya Woolworth, na ndani yake kulikuwa kaunta ndefu ya kula. Mtu Mweusi aliruhusiwa kununua dukani. Aliruhusiwa pia kupika na kuosha sahani nyuma ya kaunta. Kukaa akahudumiwa, hapana.

Tarehe 1 Februari 1960, vijana wanne wa mwaka wa kwanza waliingia: Ezell Blair, Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond. Walikuwa wanasoma chuo cha kilimo na ufundi cha jimbo lile. Agro, banduku! Ni watu wa mabanda yetu. Walinunua kwanza vitu vidogo, wakaweka risiti mfukoni. Halafu wakakaa kwenye kaunta, wakaomba kahawa. Wakaambiwa hapa hatuhudumii watu kama ninyi. Wakajibu kwa akili: pesa yetu mmeipokea pale, hatua chache kutoka hapa, kwa nini hapa mnaikataa? Walikaa mpaka duka likafungwa. Kesho yake walikuwa zaidi ya 20. Juma halijaisha, walikuwa mamia, na wasichana wa Bennett College wamo. Jambo likaenea katika miji mingi ya kusini.

Tarehe 25 Julai 1960 duka lilikubali. Huku kwetu ilikuwa mwezi wa kwanza wa Uhuru, na juma mbili tu tangu Tshombe alipotangaza Katanga imejitenga, tarehe 11. Na watu Weusi wa kwanza kuhudumiwa kwenye kaunta ile walikuwa nani? Wafanyakazi wa palepale dukani, wale waliokuwa wanapikia wengine siku zote.

Niliposoma hivi nilifunga simu kidogo. Nilimwona kambo yangu na aproni yake.

Duka lilifungwa mwaka 1993, na kulikuwa mpango wa kulibomoa ili kupata nafasi ya kuegesha magari. Wanasiasa wawili wa mji, Earl Jones na Melvin Alston, wakaanzisha chama, wakatafuta pesa, wakanunua jengo. Ilichukua miaka 17. Tarehe 1 Februari 2010, miaka 50 kamili tangu siku ile, lilifunguliwa kama makumbusho ya haki za raia. Kaunta iko palepale, viti viko palepale. Kipande kingine cha kaunta kiko Washington katika makumbusho ya taifa. Wageni hawaendi kuangalia uzuri wa viti. Wanaenda kuona kanuni iliyosema nani akae na nani asimame.

Mwaka uleule wa 2010 sisi Lubumbashi tulikuwa tunasherehekea miaka 100 ya mji. Sasa turudi kwetu.

Watu wa Greensboro walikuwa na kaunta moja inayosema yote. Sisi tulikuwa na meza zaidi ya moja, na zilitenganishwa mbali sana, hata leo mtu anaweza kuandika historia ya moja bila kuziona zingine. Ningependa kuwapitisha kwenye zile meza, moja moja.

Ya kwanza ni ile ya kitambaa cheupe. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwezi wa Septemba 1910, na mji ukachorwa kwa mistari iliyonyooka, avenue kwa avenue. Tarehe 30 Juni 1911 tanuru ya Union Minière, kando ya mto Lubumbashi, ilitoa shaba yake ya kwanza. Ndiyo, 30 Juni, miaka 49 kabla ya Uhuru. Hoteli, kafe na restorani zikafunguliwa kwa ajili ya Wabelgiji, Waingereza kutoka Rhodesia, Waitalia, Wagiriki, Wareno na Wayahudi wa Rhodes. Watu Weusi walipewa makao yao upande mwingine, katika cité iliyoitwa Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Katikati paliachwa eneo tupu la kutenganisha, wakaliita zone neutre, ati kwa sababu ya afya. Usiku, mtu Mweusi bila karatasi hakuweza kutembea katika mji wa Wazungu. Mpishi aliyemaliza kazi saa nne ya usiku alihitaji karatasi ya kumruhusu arudi kwa mke wake.

Meza ya pili ni posho. Hapa niko kwangu, sababu hii ni hesabu ya agronomia. Katika miaka ya kwanza vifo vilikuwa vingi makambini, na madaktari wa kampuni waliona kwamba chakula kibaya ni sababu moja kubwa. Kampuni ikaanza kupima: unga kiasi gani, maharage kiasi gani, karanga, chumvi, mafuta ya mawese, nyama ao samaki. Posho ilikuwa sehemu ya mshahara. Hata leo wazee wengine wanaita Jumamosi "siku ya posho".

Na posho ile njo iliyobadilisha bukari yetu. Kabla ya migodi, watu wa eneo hili, Balamba, Basanga, Bakaonde na wengine, walikula zaidi mtama, ulezi na muhogo. Mahindi yalijulikana, lakini hayakuwa mfalme. Ila mahindi yanasafiri vizuri kwa gunia, yanasagika kwa mashine, yanapimika kwa kilo. Yalikuja kwa treni kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye, reli ya BCK ilipofunguliwa mpaka Ilebo mwaka 1928, yalikuja pia kutoka upande wa Lomami, ambako mkulima alilazimishwa kulima. Ndiyo maana mtoto wa Lushois akikosa bukari nyeupe anasema hajakula. Tunaita chakula cha asili kitu kilichoamuliwa katika bilo ya kampuni. Sisemi kwa kukidharau, mimi mwenyewe nakila kila siku. Nasema tu kwamba sahani nayo ina historia, na mgeni anayekuja angeweza kuionja akiwa anaisikiliza.

Meza ile ya pili iligharimu damu. Mwaka 1941, vita ya Ulaya ilipandisha bei, mshahara ukabaki chini, na wafanyakazi Weusi wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Lubumbashi. Gavana Maron alikuwepo, na askari pia. Walipigwa risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikufa siku ile pamoja na wenzake makumi. Walikuwa wanadai familia zao zishibe. Nani kati yetu alisomeshwa tarehe ile kwenye shule ya msingi? Mimi nilikuwa nimefika chuo njo nikaisikia.

Meza ya tatu ni ya mama. Ni mwanamke anayeuza munkoyo kwenye parseli, anayekaanga kapenta, anayepanga sahani za sombe na lenga-lenga kwenye meza ya mbao. Serikali ya wakati ule ilimfukuza mara nyingi, lakini hakuondoka. Na Gécamines ilipoanguka, posho nayo ikafa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni waliondolewa kwa ule mpango walioita wa kuondoka kwa hiari. Nani aliushika mji usife njaa? Ni huyu mama wa malewa. Mwaka 2004, watafiti wa chuo chetu pamoja na Pierre Petit walitoa kitabu kizima juu ya chakula cha Lubumbashi, *Byakula*. Ukikisoma utakuta watu wakihesabu mlo wa siku kwa kidole kimoja. Wengi wetu tumekua katika hesabu ileile.

Kwenye kikao nilisema haya, si kwa mpangilio mzuri kama hapa, nilikuwa na hasira kidogo. Dada mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Sawa, yaya, lakini usituletee paka Wazungu. Na sisi kwa sisi?" Yeye familia yake inatoka Kasai. Mwaka 1992 na 1993, watu waliozaliwa hapa Katanga, wengine baba zao walizaliwa hapa pia, walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa sababu ya jina na kabila. Walilala kwenye stesheni miezi, wakingojea treni, wakila walichopewa, na wengi walikufa. Mama yake alikuwa kati yao, na tumbo la mimba. Kikao kilinyamaza. Mtu mmoja akaanza kuangalia viatu vyake.

Alikuwa na haki. Tukifungua nyumba ya kupokea wageni, lazima tujue kwamba neno "mgeni" hapa mjini limekwisha kutumiwa kama fimbo. Nani mgeni, nani mwenyeji, nani akae mezani: Wabelgiji waliondoka, swali likabaki, na wenyewe tukalitumia.

Kuna ndugu mwingine aliyepinga, na nataka nimpe nafasi sababu hoja yake ina uzito. Alisema: watalii hawalipi pesa kuja kulia. Wanataka picha nzuri, kahawa nzuri, choo safi. Mkianza na maiti za 1941 na treni za 1992, nyumba itabaki tupu. Ninamkubali kuhusu choo. Kwa mengine, namjibu na Greensboro: wangetaka picha nzuri tu, wangejenga parkingi ile. Wageni wanakwenda pale tangu 2010 kwa sababu walichofichwa mahali pengine, pale wanaonyeshwa. Na sisi wenyewe, wenyeji, ni wageni wa kwanza wa nyumba ile. Mtoto wa Katuba ao Ruashi anaingia lini katika mji akaona jina la babu yake ukutani?

Basi kama ni mimi ninayeandika ukurasa wa kwanza, ningeandika hivi.

Kwanza karatasi. Kabla ya kuomba hata faranga moja, tujue parseli ni ya nani, cadastre inasema nini, na kama wenyewe watakubali kuiuza, kuitoa ao kuikodisha kwa miaka mingi. Mji wetu umejaa miradi mizuri iliyokufa siku ambayo mjomba mmoja alitokea na hati nyingine.

Pili paa. Hapa mvua inanyesha kutoka Novemba mpaka Machi, karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na inanyesha kwa nguvu. Ukuta wa matofali unaweza kungoja miaka kama kichwa chake kimefunikwa. Paa likiwa wazi, msimu mmoja unatosha kuharibu plasta na mbao. Tusianze na rangi ya mbele kwa ajili ya picha.

Tatu, jiko liwake. Restorani bila moshi ni kaburi. Ningewapa jiko akina mama wawili ao watatu wa malewa, kwa mkataba ulioandikwa, wapike bukari ya mahindi, na siku moja kwa juma bukari ya mtama. Msimu wa mvua kuwe na uyoga wa msituni. Mauzo yao yalipe umeme na mlinzi. Dar es Salaam kuna mfano: Old Boma, nyumba aliyoijenga Sultani Majid mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Leo ni kituo cha kueleza urithi wa majengo ya mji ule, mtu anaingia, anaona ramani na picha za zamani. Nyumba ya mawe ya miaka zaidi ya 150 inafanya kazi. Kwa nini yetu ishindwe?

Nne, sauti. Hapa chuo chetu kimeshaonyesha njia. Tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, na wanahistoria kama profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, umekusanya vitu na maneno ya watu wa kawaida wa mji: wafanyakazi, wake zao, watoto wa kambi. Wapishi na maboyi wa zamani wanakufa kila mwaka. Wale waliosimama nyuma ya zile meza wamebaki wachache sana, ni wajane wao na watoto wao walio na habari. Simu unayosomea makala hii inaweza kurekodi sauti. Haihitaji mfadhili.

Na tano, mlango. Niliwaambia wenzangu: tufanye mgeni aingie kwa mlango wa nyuma. Apite kwenye mapipa, apite jikoni, aone ndoo na meko, njo mwishoni afike kwenye ukumbi na vitambaa vyeupe. Kwa njia ile atauona ukumbi kama kambo yangu alivyouona, kupitia mlango wa kusukuma kwa bega, sahani mikononi. Mchoraji wetu alipenda, akachukua kalamu palepale. Ukurasa wa kwanza ukapasuliwa, tukaanza mwingine. Ule wa "mji mzima ulikutana" haupo tena.

Nilirudi nyumbani na furaha, nikamwambia kambo mwanamke habari yote. Nikamwomba Jumamosi aje nasi, atuonyeshe upande gani wafanyakazi walikuwa wanapitia, sababu yeye alikuwa anamletea mume wake nguo safi na alibaki nje akimngojea. Akakubali. Akauliza kama kutakuwa gari. Nikasema tutatafuta taksi. Nikamweleza pia lile wazo langu zuri, kwamba wote tutaingia kwa mlango wa nyuma, kwa heshima ya mzee.

Akaniangalia muda mrefu.

"Weye upite kule, na bageni bako bapite kule, bajue. Ni muzuri. Lakini miye, mwana? Miaka yote ile nilisimama inje. Miye nitapita mbele. Na munitafutie kiti."

Tumeshapata kiti. Ni cha plastiki, tumekiazima kwa jirani. Jumamosi saa tatu ya asubuhi tutakuwa pale, na kitawekwa katikati ya ukumbi. Wewe unayesoma, kama kwenu kuna mzee aliyepika, aliyeosha sahani ao aliyengojea nje ya nyumba yoyote ya kula ya mji huu, muulize leo jioni. Muulize alipitia mlango gani. Ukiweza, mlete naye. Viti vingine tutaazima.